Uwanja wa mchanga, kisima cha chumvi: tuanze na mti gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tumejenga Kigamboni, kiwanja cha mita 20 kwa 25, nyumba ya vyumba vitatu iko katikati na ukuta umeshazunguka. Desemba tunataka kuhamia. Sebule na vyumba viwili vimeangalia magharibi. Tukienda jioni kukagua, ndani ni tanuri. Maji ni ya kisima na yana chumvi, ya bomba yanakuja kwa mgao. Fundi anashauri tuweke pevingi uwanja mzima ili tuachane na mchanga. Mume wangu anataka mwembe na mparachichi, mimi natamani majani ya kijani mbele ya baraza na mawaridi kama ninayoyaona kwenye picha. Tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka sita. Hela ya kuanzia si nyingi. Tuanzie wapi, na tupande nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Nimefurahi umeuliza mapema, pevingi hazijashushwa. Swali lako la mwisho, mpande nini, nitalijibu, ila nitalichelewesha kwa makusudi. Watu wengi hapa mjini huanzia kitaluni: wanasimamisha gari kando ya barabara, wanapenda ua, wanalipa, wakifika nyumbani ndipo wanaanza kutafuta pa kulichomeka. Uwanja wa Dar es Salaam hautaki hivyo. Unataka kwanza ujue kivuli kinahitajika wapi, upepo unapita wapi na maji yatatoka wapi. Mmea uliochaguliwa baada ya hayo matatu kujulikana ndio unaokaa miaka.

Nianze na fundi wako, kwa sababu kazi yake ikishafanyika kuing'oa ni gharama. Mwambieni asubiri. Pevingi uwanja mzima zitachota jua mchana kutwa na kuwarudishia lile joto madirishani jioni, saa ambayo mnatafuta nafuu. Halafu zitainyima ardhi maji. Mchanga wa Kigamboni unakunywa mvua vizuri sana, na hiyo ni neema ambayo wenzenu waliojenga mabondeni kwenye mfinyanzi wanaitamani kila masika. Mkiufunika, mvua itatafuta geti, barabara na uwanja wa jirani. Kiwanja chenu kina mita za mraba 500. Nyumba ikichukua 150 hivi, zinabaki 350. Pevingi mnazozihitaji kweli ni njia ya gari kutoka getini, upana wa mita tatu, na njia ya miguu ya mita moja na kidogo kufika jikoni na kwenye kamba ya nguo. Sidhani kama zitafika mita 80 za mraba. Kandokando ya msingi mwageni kokoto upana wa sentimita 60, ili mvua isirushe mchanga ukutani na miguu ya watoto isiingie nao ndani. Hela mtakayookoa hapo ndiyo bajeti ya bustani, na kwa hesabu hiyo si haba.

Sasa hilo joto la jioni, ambalo kwangu ndilo swali kubwa katika barua yako hata kama wewe umelitaja kwa sentensi moja.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Maana yake saa sita mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima, na kazi ya kulizuia hapo ni ya paa. Taabu inaanza saa tisa, jua linaposhuka upande wa magharibi na kupiga ukuta na vioo usoni. Upenu wa paa, hata ungekuwa mrefu, hausaidii kitu kwa jua lililoinama hivyo. Tofali za saruji zinapokea joto lile mpaka magharibi, kisha zinalitoa ndani polepole hadi usiku wa manane. Ndiyo sababu watu wanalala na feni na bado wanatoka jasho. Dawa yake ni kuuzuia ukuta usipate jua kabisa, na kinachofanya hivyo kwa bei ndogo kuliko vyote ni mti ulio umbali sahihi.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu nakisia upana wa mita 12, kwa hiyo kila ubavu mmebaki na mita nne hivi hadi ukuta wa fensi. Mita nne si pa kuweka mkungu wala mwarobaini. Mkungu unatandaza matawi yake kwa ngazi hadi unapita paa la jirani, na mwarobaini ukikubali mahali mizizi yake haiombi ruhusa. Hapo nataka miti midogo inayozaa: mstafeli, mpera na mkomamanga. Mstafeli kwangu ni wa kwanza. Majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja, unasimama mita nne hadi sita, haujitandazi sana, na matunda ni ya nyumbani. Pandeni katika mstari mmoja, mita mbili na nusu kutoka ukuta wa nyumba, kila mti mita tatu na nusu kutoka mwenzake. Kwa urefu wa nyumba yenu itatosha mitatu au minne: mistafeli miwili mbele ya madirisha ya vyumba, mpera mbele ya sebule, mkomamanga mwishoni penye jua zaidi. Ikikua, ondoeni matawi yote ya chini hadi mita mbili. Kivuli kinachotakiwa kiwe juu kwenye dirisha na nusu ya juu ya ukuta. Chini paachwe wazi hewa ipite.

Najua utasema mstafeli utachukua miaka, na Desemba ni kesho. Katikati ya mistafeli chomekeni milonge. Mlonge unakwenda mita tatu na zaidi ndani ya mwaka mmoja, majani yake ni mboga, na mchanga hauusumbui. Mti wake ni laini na upepo unauvunja, kwa hiyo uwe mnaukata kwenye usawa wa kifua mara mbili kwa mwaka ili ujaze pembeni. Mistafeli ikishafika juu ya dirisha, milonge ing'oeni. Wengi wanaona huruma kung'oa mti unaostawi, lakini ule uliwekwa kwa kazi ya muda na kazi imekwisha. Ukuta wa fensi wa upande huohuo tandikeni nyaya, mpandishe pasheni ya njano, ambayo ndiyo ya pwani; ile ya zambarau inapenda baridi ya milimani.

Upepo nao una ratiba yake. Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali, unavuma kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni kusi. Basi upande wa kaskazini na mashariki msijaze kichaka. Hapo ndipo hewa ya kuwapoza Januari itakapoingilia. Vichaka vya huko visizidi usawa wa kiuno. Na kama ukuta wa fensi upande huo ni tofali tupu hadi juu, fikirieni kubadilisha kipande cha mita mbili tatu kwa matofali ya matundu. Nimeona nyumba ambazo zingeweza kuishi bila kiyoyozi ila zimezibiwa pumzi na ukuta wao wenyewe.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo bustani nyingi za Kigamboni, Mbezi Beach na Tegeta zinapofia.

Usiniambie tu kwamba maji yana chumvi. Niambie yana kiasi gani. Kuna kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma chumvi yote iliyoyeyuka kwa miligramu kwa lita, na mafundi wa visima wengi wanacho. Chini ya 450, mwagilieni karibu chochote. Kati ya 450 na 2,000, mimea ichaguliwe kwa uangalifu. Zaidi ya 2,000, kisima hicho ni cha mnazi, bogenvilia na jamaa zao waliozoea bahari. Pimeni mara mbili, mwishoni mwa masika na tena Februari, kwa kuwa kisima kilichokuwa na nafuu mvua zikiwepo kinaweza kubadilika wakati wa kiangazi pampu inapovuta kila siku.

Dalili za chumvi zinasomeka kwenye jani. Ncha inakauka kwanza, rangi ya kahawia, kisha ukavu unatembea kwenye kingo zote mbili huku katikati jani likiwa bado la kijani. Mtu akiona hivyo anadhani mmea una kiu, anaongeza kumwagilia kidogo kidogo kila jioni, na hapo ndipo anauua. Maji kidogo yanaishia juu, jua linayachukua, chumvi inabaki palepale kwenye mizizi. Ukiwa na maji ya chumvi mwagilia mara chache lakini kwa wingi, ili maji yapite na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Mchanga wenu utasaidia sana kwa hilo. Kwenye mfinyanzi kazi hiyo ni ngumu zaidi. Na msinyunyizie juu ya majani, elekezeni mpira shinani.

Lakini nina jambo zuri zaidi kuliko kisima. Mko na bati la mita za mraba 150 au zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo kwa masika ni ya kawaida tu, inawapa lita 1,500. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Wekeni gata kuzunguka paa lote kabla hamjanunua mche hata mmoja, na simtanki la ukubwa mnaoumudu, lita 5,000 kama inawezekana. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni ipite ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru. Maji hayo laini yawekeeni miche ya mwaka wa kwanza, mawaridi yako na chochote cha jamii ya ndimu. Kisima kibaki cha minazi na majani.

Maji ya kuoshea vyombo na kuogea nayo msiyapoteze. Pale yanapotoka pandeni migomba miwili mitatu, kama walivyofanya wazee wetu nyuma ya bafu, ilimradi humo hamna dawa kali za kusafishia choo.

Kwa mume wako: mparachichi hapana. Nasema hivyo kwa upole lakini bila kupepesa. Mparachichi ni katika miti ya matunda inayoshindwa na chumvi mapema kuliko mingine yote, na mingi inayouzwa ni ya asili ya nyanda za juu kama Rungwe na Njombe. Atalea majani yenye kingo za kahawia kwa miaka na asile parachichi. Mwembe ndiyo, mmoja, na uwe wa kubebeshwa, yaani mche ulioungwa kikonyo cha mwembe unaozaa. Wa kokwa unakuwa jitu, unachukua uwanja wote wa mbele na unachelewa kuzaa. Wa kubebeshwa unaanza kutoa maembe mwaka wa tatu au wa nne, na ukipunguzwa kila baada ya msimu unabaki mita tano. Ila nao unaogopa chumvi, hivyo miaka yake miwili ya kwanza unywe maji ya mvua au ya bomba. Mahali pake ni mbele, mita tano kutoka msingi, sita kutoka kwenye karo na shimo la maji taka. Ningemshauri achague dodo au bolibo, kwa sababu hizi ni embe za pwani yetu na hali ya hewa zinaijua.

Pembeni ya geti, mbali na mahali pa kuegesha gari na pa kuchezea watoto, panafaa minazi miwili. Nazi inaanguka bila taarifa, kwa hiyo umbali huo si mapambo. Kabla ya kununua nazi za kuotesha, ulizeni ushauri TARI Mikocheni, kituo cha utafiti kilichoishughulikia minazi kwa miaka mingi, maana pwani yetu ina ugonjwa wa kunyong'onyea unaoua mnazi mzima, na aina fupi ndizo zinazopata shida zaidi. Pia msiache magogo ya minazi yaliyooza uwanjani. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi, anazaliana humo.

Fikasi msikubali hata mkipewa bure. Kwenye chungu ni mzuri, ardhini unatafuta mabomba. Miashoki ile mirefu myembamba haina ubaya, lakini haina kivuli cha maana. Inafaa kuziba ghorofa ya jirani inayoangalia uani kwenu, basi. Bogenvilia iwekeni ukuta wa nje upande wa jua kali, mbali na njia kwa sababu ya miiba, na msiionee huruma kwa maji: ikilishwa na kunyweshwa sana inatoa majani, ikibanwa kiu kidogo ndipo inapasuka maua.

Majani uliyoyatamani utayapata, ila si uwanja mzima. Katika miezi mikavu majani mabichi yanapoteza kama milimita tano za maji kwa siku, yaani lita 500 kwa kila mita 100 za mraba. Hakuna mgao wa bomba utakaokutosheleza. Chagua kipande kimoja cha mita 40 za mraba hivi mbele ya baraza, ambapo watoto watachezea mkiwaona, na ukipende hicho. Panda majani ya Pemba, yenye jani pana, kwa kuwa yametoka pwani hizi hizi na yanavumilia chumvi na kivuli kidogo. Penye jua kutwa na chumvi zaidi, paspalamu itakufaa kuliko yote. Usinunue kapeti lililokwisha kuota. Nunua magunia ya vipandikizi, chomeka kila sentimita 15, na masika moja yatakuwa yamefunga. Kwingine kote chini ya miti weka matandazo: majani makavu, pumba za mpunga, makumbi. Mchanga uliofunikwa hivyo hauchomi miguu wala hauingii ndani, na kila mwaka unageuka udongo.

Mawaridi nimeyaacha hadi hapa kwa sababu nayaheshimu matamanio yako na sitaki kuyakatisha. Picha unazoziona nyingi ni za mahali penye usiku wa baridi. Waridi hapa Dar linasumbuliwa na unyevu, majani yanapata madoa meusi na kupukutika, na chumvi linaichukia. Panda mawili, kwenye vyungu vikubwa vyenye matundu, upande wa mashariki yapate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, kwa maji ya mvua tu. Mawili utayamudu. Kitanda kizima cha mawaridi kitakuvunja moyo. Na kwa harufu, pembeni ya baraza panda asumini na mrehani. Asumini inafungua jioni, saa ile ile mtakapokuwa mmetoka kupunga upepo, na mkiwa na mgeni wa heshima au harusi mtakuwa na vya kufungia kikuba bila kwenda sokoni. Bustani ya Mswahili ilianza na harufu kabla ya rangi, na mimi bado naona walipatia.

Watoto wa umri huo wanatia kila kitu mdomoni, kwa hiyo kuna mimea ya kuikataa kitaluni. Oleanda ni sumu kuanzia jani hadi ua. Mnyaa, unaopandwa kama fensi, una utomvu mweupe unaoweza kuunguza jicho vibaya. Difenbakia, lile la majani mapana yenye mabaka meupe, likitafunwa linavimbisha ulimi. Waridi la jangwa nalo utomvu wake ni sumu. Kama unalipenda liweke juu wasikofika.

Kuhusu mbu: hakuna mmea unaofukuza mbu kwa kusimama tu uani. Mchaichai unatoa mafuta yake ukipondwa, na mzuri zaidi uko kwenye chai. Jambo la kufanya ni kuondoa visahani chini ya vyungu au kuvijaza mchanga, na gata zisituamishe maji. Simtanki lifunikwe na mdomo wake uwekewe wavu. Homa ya dengi iliyotusumbua hapa mjini 2014 na tena 2019 inaletwa na mbu wa mchana anayezaliana kwenye maji machache safi, na kisahani cha ua kinamtosha.

Ratiba sasa. Msikimbilie kupanda vyote ili Desemba uwanja uonekane umejaa. Mche uliopandwa mwishoni mwa vuli unaingia moja kwa moja kwenye Januari na Februari, miezi mikali kuliko yote, ukiwa hauna mizizi. Vuli tumieni kwa gata, simtanki, njia, nyaya za ukutani, milonge, bogenvilia na mipapai. Mwembe, mistafeli, mpera, mkomamanga na majani vingojee mvua za kwanza za masika, katikati ya Machi. Hapo mti unapata mvua hadi Mei, kisha ubaridi wa kusi hadi Agosti. Jua kali likirudi linaukuta umeshashika ardhi. Mkiwa na subira ya miezi hiyo mitatu mtaokoa miche mingi.

Muda huo wa kusubiri utumieni kuchimba mashimo, na ninasisitiza mchimbe nyinyi au msimame hapo. Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Kwenye kiwanja kilichojengwa juzi utakutana na mambo: mifuko ya saruji, vipande vya tofali, misumari, na udongo wa kijivu uliogandamana ambao ni zege lililomwagwa mwisho wa siku. Vyote vitoke. Saruji na chokaa vinabadilisha udongo kiasi kwamba mti unashindwa kunyonya chuma, na utaona majani machanga yanakuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Iksora na haibiskasi ndizo zinazolalamika kwanza. Watu wanamwaga mbolea ya dukani, haisaidii, kwa sababu tatizo ni kifusi.

Chini ya shimo pangeni makumbi tabaka moja, matumbo yakiangalia juu. Yanashika maji ambayo mchanga ungeyaachia. Kisha changanyeni udongo wa juu na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ndoo mbili kwa shimo. Samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi, ikae miezi kadhaa kwanza. Jazeni, mwagieni, acheni lishuke wiki tatu nne kabla ya kupanda. Mchanga hauna akiba, chakula kinasombwa na kila mvua, kwa hiyo samadi itarudiwa kila mwaka mwanzo wa masika.

Mkifika kitaluni, mti mrefu usiwadanganye. Mwombe muuzaji akubali ufungue kifuko. Mizizi iwe myeupe na imetawanyika. Ikiwa inajizungusha chini kama kamba, mche huo umekaa sana na hautashika vizuri. Kwa mwembe tafuta kovu la kubebeshwa, mahali shina linapobadilika unene au rangi kidogo, kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye udongo. Usipoliona, ni wa kokwa hata kama ameapa. Baadaye, chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu lile livunjeni likiwa bado laini. Ulizeni pia kama mche ulikuwa kivulini. Kama ndiyo, uwekeni uani kwenu penye jua la asubuhi tu kwa wiki mbili kabla ya kuupanda juani. Na kama mna nafasi siku ya Jumamosi, nendeni kwanza kwenye Bustani ya Mimea pale mjini karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa 1893 enzi za Wajerumani. Huko mtasimama chini ya miti iliyokomaa, muone mti ulio kwenye kifuko utakuwa na ukubwa gani wajukuu zenu wakiwa watu wazima. Hakuna maelezo yangu yanayoweza kushinda kuona huko.

Siku ya kupanda, usawa wa udongo wa kwenye kifuko ulingane na usawa wa uwanja, shina lisizikwe. Pigeni nguzo mbili upande wa kusi, mfunge kwa kitambaa kilicholegea kidogo, kwa sababu ule upepo wa Juni na Julai unatikisa mche usiku kucha na kukata mizizi midogo. Wekeni matandazo kuzunguka, yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina ili lisioze. Mvua zikiwapo msimwagilie. Zikikatika, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mti mara tatu kwa wiki kwa miezi miwili, kisha mara mbili, na kuanzia kiangazi cha pili mara moja kwa wiki inatosha kwa mstafeli na mpera. Nguzo ziondolewe mwaka ukiisha. Kipimo cha chumvi mkishakipata niandikie namba, kwa sababu kikizidi 2,000 nitabadilisha mambo mawili katika haya: mpera wa mbele ya sebule na mahali pa mwembe wa mume wako.